Kilo za Katikati

Nakumbuka, mwanangu, siku ambayo uwanja mzima wa Kavimvira ulinyamaza ghafla. Nawe unawajua watu wa Kavimvira. Wanaishi mpakani, na mtu wa mpakani akinyamaza, basi ama amelala, ama amepata bei nzuri na hataki jirani ajue. Siku ile hakuna aliyelala. Tulinyamazishwa na maneno machache ya mama mmoja kutoka Katogota, nami bibi yako nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi cha kusikia harufu ya mchele ndani ya kapu lake. Nimeona vita, nimeona ziwa likipanda likaingia vyumbani mwa watu na kuondoka na vitanda vyao, lakini sijaona bado jambo la kunishtua kama lile.

Jana jioni nilikuwa nimejilaza ndani, nanyi hapo nje mkadhani bibi hasikii. Bibi mgongo ndio mbovu, masikio yapo. Mlikuwa na simu, mnatazama mabondia wa zamani, mkabishana mpaka chakula kikapoa: yule bingwa mdogo wa uzani mwepesi, lau angepewa kilo za yule jitu wa uzani mzito, nani angemlaza mwenzake? Mpaka hapo sikuwa na neno. Kijana asipobisha atafanya nini, na maneno hayavunji mbavu. Lakini baadaye nikakusikia wewe, Isa, ukimwambia rafiki yako wa klabu ajinyime chakula, ashuke kilo haraka, apigane na yule mwembamba wa Luvungi. Ukasema, "Ili tujue." Niliketi kitandani. Nikajiuliza, haya maneno yametoka wapi tena, baada ya miaka yote hii?

Sasa kaa. Weka simu chini, haitakimbia.

Wakati huo mimi ni msichana tu, Zaina, mdogo wake Ramazani. Yaya Ramazani, maana ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa, alikuwa fundi cherehani, mashine yake ikikaa kibarazani kwetu, njiani kuelekea kituo cha mpaka. Ukimwona ameinamia kitambaa ungesema huyu ana homa, alivyokuwa mwembamba. Kumbe ndiye alikuwa bingwa wa uzani mwepesi katika ufuko wetu wote huu. Ulingoni watu walimrushia ngumi mahali alipokuwa, si mahali alipo. Mimi dada yake nilikuwa siwezi kumfuata kwa macho, na wallahi macho yangu yalikuwa makali.

Rafiki yake aliitwa Byamungu, mtoto wa mkulima wa Katogota, bingwa wa uzani mzito. Kiangazi alikuja Kavimvira kupakia magunia kwenye malori. Mvua zikikaribia alirudi bondeni kumchimbia mama yake mifereji ya mpunga. Mama alikuwa mjane na hakuwa na mkono mwingine wa kulima isipokuwa huo. Lakini mkono gani! Alibeba gunia kila bega huku akipiga hadithi. Suruali za dukani zilimkataa, ndiyo sababu alifika kwa yaya, na yaya akaunganisha vitambaa viwili ili apate moja. Urafiki wao ulianzia hapo, kwenye futi ya kupimia.

Hawakuwahi kuulizana nani zaidi. Kila ndege huruka kwa ubawa wake, nao walilijua hilo bila kufundishwa. Mmoja alishinda wembamba wenzake, mwingine alishinda majitu wenzake, kisha wakakaa kula bugali sahani moja, yaya akilalamika kwamba tonge la Byamungu linahama na sahani.

Wasiotulia walikuwa watazamaji. Kila siku baada ya sala ya alasiri wanaume walikusanyika mbele ya meza ya Mzee Shabani, kambiste, yaani mbadilisha pesa. Kahawa ikizunguka, swali lilikuwa lile lile. "Ramazani angekuwa na kilo za Byamungu?" "Byamungu angekuwa na miguu ya Ramazani?" Walibishana hivyo mwaka nenda mwaka rudi, na swali halikumdhuru mtu, kwa sababu lilikuwa la mdomoni tu.

Mpaka siku Mzee Shabani alipopata wazo. Mwanangu, nakuomba usimwone mtu mbaya. Alikuwa mkarimu, na watoto wa jirani walikula kwake. Ila alikuwa mtu wa mpakani mpaka kwenye mifupa. Sisi hapa tunajua njia moja tu ya kumaliza ubishi: wewe unataja juu, mimi nataja chini, tunasogea, tunasogea, tunakutana katikati, tunapeana mkono, na hakuna aliyeonewa. Ndivyo tunavyonunua samaki, ndivyo tunavyoposa, ndivyo hata tunavyosuluhisha ndoa. Basi Shabani akaweka kikombe chini, akasema:

"Tunasumbuka bure. Kila kitu kiko na katikati yake. Ramazani apande, Byamungu ashuke, wakutane kwa kilo moja. Pale njo tutajua."

Watu waliruka kwa furaha. Ajabu ni kwamba hakuna hata mmoja, kati ya wazee wenye mvi na waliohiji, aliyeona lolote la kushangaza katika maneno hayo. Walikaa wakapatana miili ya watu kama wanavyopatana bei ya ndagala, dagaa wa ziwani. Kocha wa mabingwa wale peke yake ndiye aliyekataa. Aliwaambia wazi kwamba hiyo si michezo, alipoona hasikilizwi akafunga glavu zake kwenye mfuko, akaenda zake kwa wakwe Luvungi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini sisi tulisema kocha anaogopa.

Mabingwa wenyewe mwanzoni walicheka. Lakini jaribu wewe kutembea barabarani kila mtu akikuuliza jambo moja. Muuza mkate anauliza, askari wa forodha anauliza, imamu anajifanya hataki kisha naye anauliza. Jioni moja Byamungu alikuja kibarazani kwetu, akakaa kwenye ngazi, maana kiti alikiogopa.

"Ramazani, tufanye mara moja tu. Wapate jibu yao, watuache na amani."

"Na nikikupiga?" yaya akamuuliza.

"Ukinipiga, minye nitakubebea cherehani kila asubuhi. Nikikupiga, utanishonea suruali bure."

Wakacheka, wakapeana mkono. Waliingia katika jambo lile kwa mzaha na kwa kuchoshwa, si kwa ugomvi.

Basi kiangazi kile mtaa wetu uligeuka jiko upande mmoja na njaa upande wa pili. Kwetu walileta maziwa ya bondeni, mawese, maharage, ndizi, na mama yetu na mimi tukawa hatutoki mbele ya sufuria. Yaya alikula mpaka machozi yakamtoka. Akimaliza, jirani anaingia na sahani nyingine, "ongeza kidogo, baba, bado kilo." Tumbo likaanza kumtangulia mlangoni. Tulipiga vigelegele! Kila suruali iliyokataa kufunga tuliihesabu kuwa ushindi.

Byamungu naye walimfunga turubai mwilini, akakimbia barabara ya bondeni jua likiwa utosini. Wakamkalisha karibu na tanuru la matofali, amejifunika mablanketi, jasho likamtoka mpaka ardhi ikalowa. Alitafuna chakula, akapata ladha, kisha akatema. Na kwa mama yake hakwenda tena. Katogota si mbali, lakini alikuwa anaogopa chungu cha mama yake, kwa sababu alijua akikaribishwa hatakataa. Mama akatuma salamu kwa wanawake wa sokoni: mbona mtoto haonekani, na mvua ziko karibu? Akajibiwa kwamba mtoto yuko mazoezini, anajiandaa kwa jambo kubwa, na ataitwa siku ikifika.

Aliyeona vizuri zaidi ni yaya, kwa kuwa suruali za wote wawili zilipita mikononi mwake. Za kwake alikuwa akizitanua, za Byamungu alikuwa akizipunguza. Siku moja nilimkuta amesimamisha mashine, ameshika vipande alivyokata, anavitazama.

"Zaina," akaniambia, "hii kitambaa yote, ni mu mwili ya muntu inatoka."

Lakini mama akaita, chakula kiko tayari, yaya akaweka vile vipande chini ya cherehani na kwenda kula.

Siku ikafika. Walitengeneza ulingo wa mbao na kamba uwanjani, na kando yake wakaleta mizani kubwa ya kupimia magunia, ili kila mtu ashuhudie haki. Yaya alikuwa ameshona kaptura mbili kwa kitambaa kimoja na kipimo kimoja. Akapanda yeye kwanza. Alipofika juu ya ile mizani, kimo cha tofali moja tu, alikuwa anahema. Yaya wangu, ambaye zamani alipanda ukuta wetu kwa mkono mmoja huku anakula hindi! Kisha akapanda Byamungu, wawili wamemshika mikono. Mzee Shabani akainama, akasoma, akainuka uso unameremeta.

"Sawasawa! Kilo na kilo!"

Uwanja ukalipuka kwa makofi. Nami nilipiga makofi, mwanangu, kila mtu alipiga. Tulikuwa tumefanya jambo lisilowezekana, na tulijiona werevu kuliko waliotutangulia. Byamungu wakamketisha kwenye benchi, wakamfunika blanketi mabegani ingawa jua lilikuwa kali. Shingo ilikuwa imebaki mishipa, mashavu yameingia ndani, ngozi ya mikono inaning'inia. Kijana wa rika la kaka yangu.

Hapo ndipo mama yake alipoingia. Alikuwa ametembea na kupanda lori, kitenge chake kizuri kimejaa vumbi, na kapu kichwani lenye mchele wa shambani mwake na kuku aliyefungwa miguu, chakula cha bingwa. Alipita katikati ya watu akitazama juu, juu ya vichwa, kwa kuwa mtoto wake alizoea kuonekana juu ya vichwa vya watu. Akafika kwenye benchi. Akamtazama yule aliyejifunika blanketi. Akapiga goti kidogo kwa heshima, kama mwanamke wa bondeni anavyomwamkia mtu mzima, akasema:

"Jambo, muzee. Unisamehe kukusumbua. Minye natoka Katogota. Natafuta mutoto wangu Byamungu, ule mukubwa wa bokisi. Iko wapi?"

Mwanangu, hayo ndiyo maneno yaliyotunyamazisha. Walio karibu walisikia wakanyamaza, walio mbali wakanyamaza kwa kuona walio karibu wamenyamaza. Nilisikia bendera ya forodha ikipigapiga mlingoti kule mbali. Mama mzazi alikuwa amempigia goti mtoto wa tumbo lake, amemwita mzee, na kumuuliza habari zake mwenyewe.

Byamungu alifungua mdomo, midomo imepasuka.

"Mama," akasema, "njo minye. Ni mimi Byamungu."

Yule mama hakulia. Alitua kapu chini polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Akamshika kidevu, akamgeuza uso huku na huku. Akaingiza mkono chini ya blanketi, akapapasa mabega, mbavu, mkono mpaka kiganja, akitafuta mtu aliyemzaa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi nilitaka ardhi inimeze, na sikuwa mama wa mtu bado.

Mzee Shabani, maskini, alidhani bado jambo linaelezeka. Akasogea, akasema kwa adabu, "Mama, ilikuwa kwa mapatano. Huyu alishuka, mwenzake alipanda. Hakuna wa kuonewa."

Mama akageuka. Hakupaza sauti.

"Mulipatana na nani? Weye unapatana bei ya vitu, kwa hiyo kila kitu unaona kiko na katikati. Muntu haina katikati, muzee. Mungu alikupeni wawili, kila mumoja na kipimo yake. Mukatafuta wa katikati. Sasa angalieni mbele yenu. Hamuna hata mumoja."

Tukaangalia. Nami kwa mara ya kwanza nikaona. Kwa miezi yote ile tulikuwa tukiandaa pambano la mabingwa wawili, na uwanjani palikuwa na fundi cherehani mnene asiyeweza kupumua na mgonjwa aliyefunikwa blanketi. Wale tuliotaka kujua nani kati yao zaidi hawakuwepo. Tulikuwa tumewaua wote wawili ili tupate jibu la kunywea kahawa.

Byamungu akasema, "Mama, twende nyumbani." Akasimama, blanketi likaanguka, akapiga hatua moja, magoti yakamlegea. Yaya alikuwa amesimama karibu naye, hata chumba hiki ni kirefu kuliko nafasi iliyowatenganisha. Yaya Ramazani! Mtu aliyekuwa akidaka inzi. Nilimwona akirusha mikono, nikamwona mwili ukimchelewesha, na Byamungu akapita mbele ya vidole vyake akaanguka, kichwa kikagonga chuma cha mizani. Sauti ile ninayo masikioni mpaka sasa hivi.

Hakufa siku ile. Hospitali walisema figo zimechoka na moyo umechoka, nao hawakuahidi kitu. Aliishi, akarudi Katogota, lakini gunia hakubeba tena, na jembe alikuwa akiliegemea zaidi ya kulima nalo. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni: mvua zilipoanza, yaya Ramazani, ambaye hakuwahi kushika jembe, alifunga cherehani, akaenda kuchimba mifereji ya yule mama. Alikwenda mwaka ule na kila mwaka, na tumbo lake lile, akihema bondeni kama ng'ombe. Ngumi hakurudia. Mzee Shabani naye, kambiste aliyependa kupatana kuliko kula, tangu hapo alitaja bei moja tu. Ukimwambia "basi tukutane katikati," alifunika meza akaingia ndani.

Na yaya aliendelea kumshonea Byamungu suruali, bure, kana kwamba yeye ndiye aliyeshindwa. Ila nilimwona akifanya jambo ambalo hakumweleza mtu. Alikata kitambaa kwa kipimo cha zamani, kile cha jitu, kisha akakunja kilichozidi kwa ndani ya mshono, tabaka juu ya tabaka, mpaka suruali ikamfaa yule mgonjwa. Nilipomuuliza, alisema, "Akirudia mwili, nitafumua tu." Miaka ikapita na mishono ile haikufumuliwa. Majuto ni mjukuu, mwanangu.

Byamungu alipofariki tulikwenda Katogota wote, Waislamu wa mjini tumekaa mikekani na Wakristo wa bondeni. Kabla ya kumvika, yaya aliomba ile suruali ya mwisho. Akaketi sakafuni na wembe. Mama wa marehemu, wakati huo anatembea kwa fimbo, akaja akaketi mbele yake, akaushika mshono akaukaza, na yaya akaanza kufumua. Mmoja anavuta, mwingine anakata. Tabaka baada ya tabaka kitambaa kikatoka, na rangi ya ndani ilikuwa mpya kabisa, haijaona jua. Walipomvika, ilikuwa pana kupita kiasi, ikajaa sanduku zima, na watu mlangoni wakaanza kunong'ona. Fundi gani huyu? Suruali gani hii kwa maiti mwembamba hivi?

Yaya akawaambia, "Muiache. Hii njo kipimo yake."

Akazikwa nayo.

Sasa nasaha yangu ni hii, Isa, wala sitaizungusha. Bishaneni. Wapambanisheni mabingwa wenu kwenye simu mpaka betri iishe, mchekane, maana swali la namna hiyo ni tamu, na utamu wake ni kwamba halina jibu. Lakini usimpunguze mtu ili upate jibu, wala usimjaze. Wala usikubali mtu mwingine apatane mwili wako, hata akiwa mkarimu, hata uwanja mzima ukipiga makofi. Ukitaka kujua kama jambo mnalofanya ni jema, msimwulize mwenye mizani. Mleteni mama wa mtu, mwone kama atamtambua mwanawe.

Nenda leo kwa yule rafiki yako kabla jua halijazama. Sufuria iko jikoni, nimepika ya kumtosha, mpelekee umwambie bibi amesema ale.

Mwenyezi Mungu akulinde, mwanangu, akuache katika kipimo alichokuumbia. Akupe rafiki atakayeacha nafasi yako ndani ya mshono, na siku utakayorudi nyumbani kutoka popote utakapokwenda, mama yako akuone kwa mbali, juu ya vichwa vya watu, akuite kwa jina lako. Amina.